Wimbi bapa, kifurushi cha mawimbi au nadharia ya fildi: uchague ipi kueleza nyutrino zinavyobadilika ladha?

Nyutrino ni chembe nyepesi mno isiyo na chaji, inayokuja kwa aina tatu ziitwazo ladha, nayo huweza kubadilika ladha njiani. Fomula ya mabadiliko hayo haina ugomvi. Kwa kesi rahisi ya ladha mbili, nyutrino ikisafiri umbali L ikiwa na nishati E, uwezekano wa kuikuta imegeuka kuwa ya ladha nyingine ni sin²2θ × sin²(1.27 Δm² L/E), L ikiwa kwa kilomita, E kwa GeV na Δm², yaani tofauti ya miraba ya matungamo, kwa eV²; θ ni pembe ya mchanganyiko wa ladha. Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu pale Mlimani anaweza kuiandika ubaoni bila kuangalia daftari. Kazi inaanza msimamizi anapouliza kwa ule upole wa kutisha: "Umeipataje?" Njia za kuifikia ni zaidi ya moja, kila moja ina watetezi wake, na vitabu viwili vya rafu moja vinaweza kukupa maelezo yanayokanushana huku vyote vikimalizia na mstari uleule.

Hapa naweka mezani njia tatu zinazotumika zaidi: wimbi bapa, kifurushi cha mawimbi, na nadharia ya kwanta ya fildi. Ya nne, matriksi ya msongamano, nitaigusa tu. Namwandikia aliyekwama: anayeandaa semina, aliyeko katikati ya tasnifu ya uzamili, mwalimu wa sekondari aliyebanwa na mwanafunzi mdadisi, au anayetaka kuanza kuchambua data.

## Tunapima kwa lipi

Vigezo ni vinne. Kwanza, njia inaeleza nini, yaani picha gani ya safari ya nyutrino inakupa. Pili, inakudai nini kwa upande wa hesabu. Tatu, ni kitu gani umekipachika kwa mkono bila kukithibitisha. Kila njia ina cha namna hiyo, na ukikijua mapema hutatoka jasho siku ya utetezi. Nne, inavunjikia wapi. Mwisho wa kila njia nasema inamfaa nani.

Wengi hupenda kuongeza kigezo cha tano: ipi ni sahihi zaidi? Nakiacha makusudi. Katika mazingira ya majaribio yaliyokwisha kufanyika ya nyutrino kubadilika ladha, njia zote tatu zikitumiwa kwa uangalifu zinaleta namba zilezile. Zinachotofautiana ni maswali zinayoweza kuyajibu.

Msingi wa wote ni huu. Pauli alipendekeza chembe hii mwaka 1930. Reines na Cowan wakainasa mwaka 1956 kando ya kinu cha nyuklia cha Savannah River, South Carolina. Pontecorvo alileta wazo la nyutrino kubadilika mwaka 1957, na Maki, Nakagawa na Sakata wakaeleza mchanganyiko wa ladha mwaka 1962. Kitambuzi cha Super-Kamiokande kule Japani kilionyesha ushahidi mwaka 1998, kile cha SNO cha Kanada kikafuata mwaka 2001 na 2002, na Kajita na McDonald wakapewa Nobeli mwaka 2015. Kiini chake ni kwamba ladha tatu, yaani elektroni, muoni na tau, si matungamo matatu. Kila ladha ni mchanganyiko wa matungamo hayo, na tofauti za miraba yake ni kama 7.5×10⁻⁵ eV² na 2.5×10⁻³ eV². Tofauti hizo ndogo ndizo zinazofanya awamu za mawimbi ziachane kadiri safari inavyorefuka.

## Wimbi bapa

Inaeleza nini. Kila tungamo unalichukua kama wimbi lisilo na mwanzo wala mwisho, lenye nishati moja kamili na momenta moja kamili. Ladha iliyozaliwa ni jumla ya mawimbi hayo, na kwenye kitambuzi unalinganisha awamu zao. Ukiweka c (kasi ya mwanga) na ħ (konstanti ya Planck iliyogawanywa kwa 2π) kuwa 1, una njia mbili za mkato. Ukidhani momenta ni sawa kwa matungamo yote, nishati zinatofautiana kwa Δm²/2E; unazidisha kwa muda t, halafu unaandika t = L kwa kuwa nyutrino inakimbia karibu na kasi ya mwanga. Ukidhani nishati ndizo zilizo sawa, momenta zinatofautiana, na unazidisha kwa L moja kwa moja. Zote zinatua kwenye Δm²L/2E. Nusu ukurasa, kazi imekwisha.

Inakudai nini. Aljebra ya kawaida na kukadiria kipeuo cha pili. Hakuna cha ziada.

Ulichopachika. Hapa ndipo panapotaka macho mawili. Ile dhana ya momenta sawa, au ya nishati sawa, haitoki popote. Chukua pioni iliyotulia inayooza na kutoa muoni na nyutrino. Ukihifadhi nishati na momenta barabara, kila tungamo la nyutrino linapata nishati yake na momenta yake. Hakuna kinachobaki sawa.

Halafu kuna ile t = L. Mwanafunzi makini atasema: matungamo tofauti yana kasi tofauti, basi kila moja lifike kwa muda wake. Akifanya hivyo, awamu ya kila tungamo inakuwa m²L/p, na tofauti yake inatoka Δm²L/E, mara mbili ya jibu sahihi. Mara mbili hii imewahi kuzua mabishano ya kweli kwenye majarida, kwa hiyo usimcheke. Anachokosa ni kwamba mwingiliano wa mawimbi hutokea yanapokutana mahali pamoja na wakati mmoja. Huwezi kumpa kila mmoja saa yake ya mkononi halafu ukalinganisha awamu.

Inavunjikia wapi. Wimbi bapa liko kila mahali. Likiwa kila mahali, "umbali kutoka kinu hadi kitambuzi" unabaki maneno matupu. Boris Kayser alilibana jambo hili mwaka 1981: ukijua nishati na momenta kwa usahihi wa kutosha kutambua ni tungamo lipi limepita, mabadiliko ya ladha yanatoweka. Ili yaonekane, momenta lazima iwe na utata usiopungua takribani Δm²/2E. Wimbi bapa halina utata wa momenta hata chembe, kwa hiyo likipimwa kwa kanuni zake lenyewe halipaswi kubadilika ladha kabisa. Linatoa jibu sahihi kwa hoja isiyosimama.

Hata hivyo lina utetezi mzito. Leo Stodolsky alionyesha mwaka 1998 kwamba chanzo kikiwa tulivu, kinachotoa nyutrino wakati wote bila saa ya kuanzia, unaweza kuchukua kila nishati peke yake kama wimbi bapa, ukakokotoa uwezekano, kisha ukajumlisha kwa spektra yote. Vifurushi havihitajiki. Vinu vya nyuklia na Jua ni vyanzo vya namna hiyo. Kwenye semina moja nilimsikia mwanafunzi akiuliza, "Sasa Dokta, kama zote zinaleta jibu moja, si nichukue iliyo fupi?" Akajibiwa, "Chukua. Ila ukiulizwa L inaanzia wapi, uwe na la kusema." Sijasikia muhtasari mzuri zaidi wa wimbi bapa.

Linamfaa nani. Anayefundisha mada hii kwa mara ya kwanza, anayeandika utangulizi wa tasnifu ambayo kiini chake ni kingine, na mchambuzi wa data ya jaribio kama T2K la Japani, ambako boriti inasafiri kilomita 295 na hakuna anayetarajia mawimbi ya matungamo yaachane njiani.

## Kifurushi cha mawimbi

Inaeleza nini. Badala ya wimbi lisilo na mipaka, kila tungamo linapewa kifurushi chenye upana σ kinachosafiri kwa kasi yake. Mwanzoni vifurushi vya matungamo tofauti vimelaliana. Vikiendelea, kile chepesi kinatangulia kidogo kidogo. Fikiria mabasi mawili yanayotoka pamoja stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kuelekea Morogoro, moja likiwa na kasi zaidi kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Yakiwa ubavu kwa ubavu, abiria wanaweza kupeana maji dirishani. Basi la mbele likishaacha urefu wake mzima, mazungumzo yamekwisha. Basi likiwa refu, wanazungumza kwa muda mrefu zaidi. Hali ya vifurushi kulaliana kiasi cha kuingiliana naiita hapa mshikamano, na umbali ambao baada yake mshikamano unakwisha ni umbali wa mshikamano. Nussinov aliuleta mwaka 1976; Giunti, Kim na Lee wakafanya hesabu kamili kwa vifurushi vya Gauss mwaka 1991.

Matokeo ya hesabu hiyo yanapendeza. Fomula ya zamani inarudi ileile, lakini kila awamu sasa imebeba vizidishio viwili. Cha kwanza ni exp[−(L/Lm)²], ambapo Lm, umbali wa mshikamano, ni 4√2 E²σ/Δm². Cha pili kinategemea uwiano wa σ na urefu wa duru moja ya mabadiliko: kifurushi kikiwa kipana kuliko duru yenyewe, mabadiliko yanafutika kabla hata ya safari kuanza. Kizidishio hiki cha pili ni ile hoja ya Kayser ikiwa imevaa hesabu. Na mkanganyiko wa mara mbili unakufa wenyewe, kwa sababu unakokotoa mwingiliano pale vifurushi vinapolaliana, kwa x moja na t moja.

Kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Hiyo σ si ya chanzo peke yake. Mraba wake ni jumla ya mraba wa upana wa chanzo na mraba wa upana wa kitambuzi. Kiers, Nussinov na Weiss walionyesha mwaka 1996 maana yake: kitambuzi kinachopima nishati kwa usahihi mkubwa sana kinaweza kurudisha mshikamano ambao ulionekana umeshapotea, kwa sababu kipimo cha namna hiyo kinachukua muda, na vifurushi viwili vilivyoachana vinaangukia ndani ya tendo moja la kupima. Ukilishika hili, umeelewa kifurushi. Ukilikosa, utabaki na picha ya chembe zinazokimbizana, nayo itakupoteza.

Inakudai nini. Intigrali za Gauss, kupanua nishati kuzunguka momenta ya wastani, na nidhamu ya kufuatilia ni kiasi gani kidogo umekitupa. Anayejua mekanika ya kwanta ya shahada ya kwanza anaiweza.

Ulichopachika. Umbo la Gauss, kusawazisha uwezekano kwa mkono mwishoni ili jumla ifike 1, na zaidi ya yote, σ. Njia hii haikuambii σ ni kiasi gani. Unaileta kutoka nje, na huko nje watu hawakubaliani. Je, nyutrino ya kinu ina upana wa kiini cha atomu au wa nafasi kati ya atomu na atomu? Kati ya hizo mbili kuna maelfu ya mara. Jones, Marzec na Spitz mwaka 2022 walikadiria pikomita 10 hadi 400 kwa nyutrino za uozo wa beta, yaani kiini kinachooza kwa kutoa elektroni. Mwaka huohuo Akhmedov na Smirnov walihoji kwamba athari yake kwenye vinu ni ndogo mno kuonekana.

Uzuri ni kwamba majaribio yameanza kusema. Kikundi cha Daya Bay, China, mwaka 2017 kilipata kwamba utata wa momenta wa kifurushi hauzidi 0.23 ya momenta yenyewe, kwa uhakika wa 95%. De Gouvêa, De Romeri na Ternes waliunganisha data za Daya Bay na za majaribio mengine mawili ya nyutrino za vinu, RENO na KamLAND, wakapata kikomo cha chini cha σ cha 2.1×10⁻⁴ nanomita. Halafu mwaka 2025 jaribio la BeEST likachapisha kipimo cha namna nyingine kabisa. Walipandikiza berili-7 ndani ya sensa ya kipitishi kikuu, wakapima nishati ya kiini cha lithi kinachosukumwa nyuma nyutrino inapotoka, na kutokana na wembamba wa nishati hiyo wakahitimisha kwamba upana ni pikomita 6.2 au zaidi.

Inavunjikia wapi. Inavunjikia pale unapotaka kutenganisha vitu viwili ambavyo vipimo havivitenganishi. Chanzo kikiwa tulivu, kundi la vifurushi vyenye utata fulani wa nishati na mchanganyiko wa mawimbi bapa yenye spektra ileile vinaacha alama moja kwenye kitambuzi. Ndiyo hoja ya Stodolsky ikirudi kwa mlango wa nyuma. Ukiona mabadiliko yamefifia kwenye data, kabla ya kutangaza kwamba mshikamano umepotea hakikisha usahihi wa kitambuzi chako umeujua hadi mwisho. Kufifia kwa sababu ya kitambuzi kisichoona nishati vizuri kunafanana nako kama pacha.

Kinamfaa nani. Anayetaka kuelewa na kueleza kwa nini mabadiliko yanaonekana hapa na yanakosekana kule. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayetaka sura moja ya nadharia yenye mwili, huku ndiko kuna faida kubwa kwa jasho la wastani.

## Nadharia ya kwanta ya fildi

Inaeleza nini. Hapa nyutrino haionekani mwanzoni wala mwishoni. Ni mstari wa ndani kwenye mchoro wa Feynman, yaani mchoro wa chembe zinavyozaliwa na kugeuka, kati ya kipeo cha kuzaliwa na kipeo cha kunaswa. Vinavyopewa vifurushi ni vile tunavyovishika kweli: kiini kinachooza, elektroni inayotoka, protoni iliyotulia ndani ya kitambuzi. Giunti, Kim, Lee na Lee walifungua njia hii mwaka 1993. Mwaka 1996 Grimus na Stockinger wakathibitisha kwamba umbali ukiwa mkubwa, hesabu yenyewe inachagua nyutrino iliyo kama chembe halisi, na kule kupungua kwa nyutrino kwa 1/L² kadiri umbali unavyokua kunajitokeza bila kuitwa.

Inakudai nini. Kozi nzima ya fildi, propageta, na intigrali za kontua. Mapitio ya Mikael Beuthe ya mwaka 2003 yanapatikana bure mtandaoni na yana kurasa zaidi ya 100. Pakua kwa bando lako, ila usikimbilie kuyachapisha yote steshenari kabla hujajua ni sehemu gani unaihitaji.

Ulichopachika. Vifurushi bado vipo, lakini vimehamia kwa chembe za nje. Swali la σ halijafutwa. Limesogezwa kutoka kwa nyutrino, ambayo hakuna anayeishika, hadi kwenye kiini kilichokaa ndani ya mafuta ya kinu, ambako fizikia ya atomu na ya yabisi inaweza kulijibu. Naona hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyosikika. Usawazishaji wa uwezekano nao unatoka kwenye hesabu yenyewe.

Inavunjikia wapi. Uzito wake ndio udhaifu wake. Unakokotoa kiwango cha tukio zima, kuanzia kuzaliwa hadi kunaswa, na "uwezekano wa kubadilika ladha" unajitenga kama kitu cha pekee kwa masharti tu. Anayeingia bila swali mahususi atatoka na kurasa nyingi na fomula aliyokuwa nayo tangu mwaka wa tatu.

Lakini kuna maswali yaliyolazimisha njia hii. Moja ni la nyutrino za Mössbauer: tritiamu ikioza ndani ya fuwele bila kiini kurudi nyuma, nyutrino ya keV 18.6 ingetoka na utata mdogo ajabu wa nishati. Je, ingebadilika ladha? Wengine walisema hapana, wakitegemea kanuni ya nishati na muda. Akhmedov, Kopp na Lindner walikaa mwaka 2008 wakaifanya kwa fildi mwanzo hadi mwisho: ingebadilika. La pili ni la maabara ya GSI, Ujerumani, ambako mwaka 2008 ilitangazwa kwamba ioni fulani zinaoza kwa kiwango kinachopanda na kushuka kila baada ya sekunde 7 hivi, na wengine wakasema ni matungamo ya nyutrino yanaingiliana. Hesabu makini ilionyesha kwamba nyutrino isiponaswa popote, matokeo ya matungamo tofauti yanajumlishwa kila moja kivyake, hivyo hakuna mwingiliano. Kipimo kipya kilichochapishwa mwaka 2019 hakikuona kupanda wala kushuka.

Inamfaa nani. Anayelenga uzamivu wa nadharia, au mwenye mazingira yasiyo ya kawaida: nyutrino za polepole, chanzo kinachowaka na kuzimika, nishati nyembamba kupita kiasi.

## Na matriksi ya msongamano?

Nyutrino zikiwa zinagongana njiani, kama ndani ya nyota inayolipuka au katika ulimwengu mchanga, au ukitaka kujaribu wazo kwamba anga-wakati yenyewe inaharibu mshikamano, tumia hii, inayofuatilia kundi zima la nyutrino badala ya moja moja. Tofauti moja ya kukumbuka ni kwamba mifano mingi ya namna hii hufifisha kwa kipeo kinachokua na L, wakati kifurushi hufifisha kwa L². Watafiti wa IceCube, kitambuzi kilichozikwa kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, walichapisha utafutaji wa athari za namna hiyo mwaka 2024. Kwa swali la kawaida la kinu na kitambuzi huihitaji.

## Tuingize namba

Chukua nyutrino ya kinu yenye MeV 3 na Δm² ya 2.5×10⁻³ eV². Duru moja kamili ya mabadiliko ni kama kilomita 3, ndiyo maana vitambuzi vya mbali vya Daya Bay viliwekwa chini kidogo ya kilomita 2, karibu na nusu ya duru.

Sasa umbali wa mshikamano. E² ni 9×10¹² eV². Gawa kwa Δm² upate 3.6×10¹⁵, zidisha kwa 4√2, yaani 5.66, upate kama 2×10¹⁶. Kilichobaki ni kuzidisha kwa σ. Ukiweka σ ya 10⁻⁴ nanomita, Lm inatoka kilomita 2. Unaona mara moja kwa nini data za umbali kama wa Daya Bay haziwezi kukana σ kubwa zaidi ya hapo: mabadiliko yameonekana kwenye kilomita hizo, basi σ si ndogo kuliko hapo, na zaidi ya hilo hazisemi.

Weka pikomita 6.2, kikomo cha BeEST. Lm inaruka hadi kilomita 126 hivi. Nenda na namba hiyo JUNO, kitambuzi cha tani 20,000 za kimiminika kinachong'aa kule kusini mwa China, kilichoanza kukusanya data Agosti 2025 kikiwa kilomita 53 kutoka vinuni. Uwiano ni 53/126, mraba wake 0.177, na kizidishio kinatoka 0.84. Vijiwimbi vyembamba ambavyo JUNO inavitegemea kujua mpangilio wa matungamo vingepungua kwa 16%. Ukiweka pikomita 100, Lm ni zaidi ya kilomita 2,000 na kizidishio ni 0.999, hakuna cha kuonekana. Ila usiihamishe namba ya BeEST kwenye kinu ukiwa umefumba macho. Ile ni berili inayomeza elektroni yake ndani ya sensa baridi; kwenye kinu kuna vipande vya mpasuko vinavyooza kwa beta ndani ya mafuta ya moto.

Upande wa pili wa mizani ni nyota iliyolipuka ya 1987, SN 1987A, miaka ya nuru kama 168,000 kutoka hapa. Kwa MeV 10, tofauti ya muda wa kufika kwa Δm² ileile ni kama mikrosekunde 66, yaani vifurushi viliachana kwa takribani kilomita 20. Hapo hakuna ubishi wa pikomita. Kila tungamo lilifika peke yake, na kinachohesabika ni kiasi cha kila moja.

## Kwa hali yako

Kama una somo la saa moja kwa wanafunzi wa kidato cha sita au mwaka wa kwanza, chukua wimbi bapa lenye nishati sawa. Linakwepa ule mtego wa t = L, na nishati sawa ina sababu ya kujieleza kwa chanzo tulivu. Momenta sawa ni mazoea ya vitabu zaidi kuliko kitu kingine.

Kama unaandika tasnifu ya uzamili kuhusu vigezo vya mchanganyiko, kwa mfano θ₁₃, mojawapo ya pembe za mchanganyiko, andika wimbi bapa ukurasa mmoja, kisha ukurasa mmoja wa kifurushi kuonyesha kwamba Lm ni kubwa kuliko L yako. Hesabu ya hapo juu inatosha. Watahini wanapenda kuona umeijua mipaka ya fomula yako.

Kama tasnifu yenyewe ni kuhusu mshikamano, anza na kifurushi, lakini panga mapema na msimamizi σ utaitoa wapi. Ukiitoa kwenye makadirio ya mtu mmoja, onyesha na ya mwingine. Hapo ndipo utakaposoma kidogo cha fildi, kile cha kukadiria upana wa chembe za nje, bila kuingia kozi nzima.

Kama unaomba nafasi ya uzamivu wa nadharia nje ya nchi, pitia hesabu moja ya fildi mwenyewe kwa kalamu, ile ya Grimus na Stockinger ikiwezekana. Kwenye mahojiano, ukieleza 1/L² imetoka wapi utakuwa umeonyesha zaidi ya orodha ya kozi ulizosoma.

Kama unachambua Jua au nyota zinazolipuka, acha kupoteza muda na awamu. Tumia wastani, na weka nguvu kwenye kile kinachotokea ndani ya nyota.

Na kama una data ya kinu mkononi, acha σ iwe kigezo huru kwenye uchambuzi, ila kifungue pamoja na usahihi wa nishati wa kitambuzi, si baada yake. Ukikifungua peke yake utapata kikomo kizuri cha kuvutia, na mtu wa kwanza atakayesoma kazi yako atauliza ni kiasi gani cha kufifia huko ni cha kitambuzi.